Unataka kuvua winta kwenye boti ya kulipa kichwa? Soma kwanza yaliyonikuta

Wiki iliyopita nilitundika hapa picha ya samaki mweusi mwenye midomo minene kama kaumwa na nyuki, nikaandika mstari mmoja tu: "Wa leo, baharini New Jersey, nyuzi mbili." Basi maswali yakamiminika. Mmoja kauliza nyuzi mbili za nini (za joto, Selsiasi, ndugu yangu). Mwingine kauliza huyo samaki anaitwaje na analiwa au ni pambo. Na mshkaji mmoja aliyehamia New York juzi juzi kasema na yeye anataka kwenda, aanzie wapi?

Leo najibu yote kwa mpigo. Kama uko kafe na dakika zako zinaisha, ruka uende moja kwa moja kwenye kipande cha nguo na kile cha tumbo, mengine utarudi kuyasoma kesho.

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu. Nimemaliza form six, usiku nabeba maboksi kwenye ghala, mchana naandika. Nimeshakwenda mara saba. Ila ile mara ya kwanza nilifanya karibu kila kosa ambalo mtu anayeanza anaweza kulifanya, kwa hiyo naanza na hiyo.

SIKU YA AIBU

Ilikuwa Desemba, nina miezi minne tu Marekani, nakaa kwa kaka. Shemeji ni mtu wa Tanga, na kila akipika samaki wa supamaketi analalamika kwamba anaonja friji. Mimi nikajitia kimbelembele: "Shemeji, Krismasi hii samaki nitaleta mimi." Babu yangu alikuwa mvuvi wa mshipi Pangani, kila likizo nilikuwa ngalawani naye. Nikajiambia bahari ni bahari.

Nikalipa dola 100, hapo bado kodi ya fimbo na chubwi. Kwa hela ya nyumbani ni kama laki mbili na nusu, na kwangu ni jasho la siku nzima la ghala. Nikavaa jinzi, sweta moja, koti langu la kutokea na raba. Saa kumi alfajiri nikala mayai na soseji zinazochuruzika mafuta, nikashushia soda. Tukaondoka saa kumi na mbili.

Saa moja na nusu baadaye nilikuwa nimeinama ukingoni nikiwapa samaki mayai yangu. Raba zimelowa, vidole vya miguu sivisikii. Vidole vya mikono ndo usiseme, hata kufunga fundo nilishindwa, ikabidi baharia anifungie kama mtoto. Nilipoteza chubwi kumi na moja kwenye mawe. Wenzangu wanapandisha samaki kulia na kushoto, mimi napandisha ndoana tupu, kaa kaliwa zamani.

Kama saa sita hivi nikapata mmoja. Moyo ulinidunda! Baharia akaja na rula. Inchi 14 na nusu. Kipimo ni inchi 15.

Nusu inchi, wadau. Nikamtazama yule samaki, nikatazama ndoo yangu tupu, nikamfikiria shemeji. Baharia akaitwa upande wa pili kutatua nyuzi zilizosokotana. Nitasema ukweli: niliwaza kumsukumia ndani ya begi. Kando yangu alikuwepo mzee mmoja mwenyeji wa huko, tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Akasema bila hata kugeuka, "Kijana, huyo kahangaika miaka mingi kufika hapo." Basi. Nikamrudisha majini.

Nikafika nyumbani mikono mitupu, nanuka kaa. Shemeji hakucheka. Alisema tu, "Pole shemeji. Kaa karibu na hita." Ingekuwa afadhali angecheka.

Sasa twende kazini.

BOTI YA KULIPA KICHWA NI NINI

Pwani ya kaskazini mashariki ya Marekani ina bandari ndogo zenye boti za namna hii. New York kuna Sheepshead Bay kule Brooklyn, New Jersey kuna Belmar, Point Pleasant, Atlantic Highlands na kwingineko. Si boti ya kukodi peke yako na marafiki zako. Unafika, unalipa kichwa chako, mnajaa mpaka watu thelathini au zaidi mnaojipanga kuzunguka ukingo, kila mtu na fimbo yake. Kuna nahodha, na kuna mabaharia wawili watatu wa kusaidia. Nyingi zinaondoka kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, na kurudi mchana saa nane au tisa.

Ndo njia rahisi kwa mtu asiye na chombo. Nahodha anajua samaki walipo. Fimbo unaweza kukodi hapo hapo. Chambo mara nyingi kimo ndani ya nauli, ila uliza kabla. Leseni yako binafsi New Jersey na New York huhitaji ukiwa abiria wa boti hizi. Na kwa sheria ya Marekani, chombo kinachobeba abiria wa kulipa zaidi ya 6 lazima kikaguliwe na walinzi wa pwani, na kiwe na jaketi la kuokolea la kila abiria. Ukipanda tu, uliza majaketi yako wapi. Usione haya.

Mambo matatu ambayo hakuna atakayekuambia:

Moja, nafasi. Wazoefu wanapenda kukaa tezi, yaani nyuma kabisa, maana omo inaruka sana kwenye mawimbi na nyuma unapata eneo kubwa la kushusha uzi. Wengine wanafika saa tisa usiku kuwahi hiyo kona. Wewe unayeanza usigombee. Kaa katikati ya boti, pale panapoyumba kidogo kuliko pengine, na baharia anapita kila saa.

Mbili, bakshishi. Mabaharia wanaishi kwa hiyo. Asilimia 15 mpaka 20 ya nauli ndo kawaida. Siku ile ya aibu sikujua, nikashuka bila kutoa kitu, na yule baharia aliyenifungia mafundo yote aliniaga vizuri tu. Mara ya pili nilimpa za siku zote mbili.

Tatu, mchango wa samaki mkubwa. Asubuhi wanapita na kofia, anayetaka anatoa dola chache, mwenye samaki mzito kuliko wote jioni anabeba zote. Si lazima. Mimi nilitoa mara moja nikaacha, hela yangu ina kazi nyingine.

Piga simu jioni ya kabla ya safari. Upepo ukiwa mkali nahodha anaahirisha, na winta inaahirishwa mara nyingi. Utabiri wa bahari wa idara ya hali ya hewa ya Marekani uko bure kwenye intaneti, angalia upepo na urefu wa mawimbi. Mawimbi ya futi tano na hujazoea? Subiri siku nyingine, bahari haihami.

SAMAKI MWENYEWE

Winta kule chini wapo kadhaa. Kuna ling, kuna porgy anayefanana kidogo na changu wetu, zamani kulikuwa na kodi wengi sana ambao sasa wamepungua vibaya. Lakini mfalme wa Desemba na Januari ni huyu wa kwenye picha yangu. Jina lake tautog, wenyewe wanafupisha tog. Jina hilo lilitoka kwa wenyeji wa asili wa pwani ile. Ukoo wake uko karibu na pono wetu, na ukimfungua mdomo utaamini: meno ya mbele kama ya mtu, halafu ndani kooni ana magego ya kusagia. Chakula chake ni kome na kaa, anawavunja kama wewe unavyovunja karanga.

Anakaa kwenye mawe na meli zilizozama, hataki kabisa mchanga mtupu. Majira ya joto yuko karibu na ufukwe, baridi ikija anasogea kwenye kina zaidi, futi 60 mpaka 120 hivi. Maji yakishuka sana, kama Februari yanapofika nyuzi 4 au 5, anapooza, anajificha kwenye tundu lake na hamu ya kula inakatika. Ndiyo maana Desemba ni bora kuliko Februari kwa anayeanza.

Sasa hapa kuna kitu kilichonifurahisha mno. Sehemu ya nyumba za hao samaki ni mabehewa ya treni! Kati ya 2001 na 2010 mamlaka ya usafiri ya New York ilitoa zaidi ya mabehewa 2,500 ya treni zake za chini ya ardhi yakazamishwe pwani ya majimbo kadhaa, kuanzia New Jersey mpaka Georgia. Yalisafishwa, yakatolewa milango na madirisha, yakadondoshwa baharini. Kome wakaota juu yake, kaa wakafuata, samaki wakafuata kaa. Yale ya zamani ya chuma kizito yamedumu vizuri. Yale ya bati jembamba lisiloshika kutu yalipondeka upesi kuliko ilivyotarajiwa, New Jersey ikakataa kupokea mengine. Lakini fikiria tu: behewa lililobeba watu wanaowahi kazini miaka arobaini, leo limebeba samaki.

Mimi nilipoambiwa nikakumbuka nyumbani. Kwetu kwa miaka mingi kuna watu walikuwa wanapasua matumbawe kwa baruti ili wapate samaki wa siku moja. Wenzetu wanatupa treni nzima ili samaki wapate pa kukaa. Sina la kuongeza hapo.

NGUO (USIRUKE HAPA)

Winta hushindwi na samaki. Unashindwa na baridi na tumbo. Mikono ikifa ganzi huwezi kusikia samaki anapogusa, na kusikia ndo kazi yenyewe, nitaeleza chini.

Kanuni ya kwanza: jinzi na pamba acha nyumbani. Pamba ikilowa, hata kwa jasho lako, inanyonya joto la mwili. Vaa hivi:

- Ndani kabisa, nguo za kubana za mikono mirefu na suruali yake, za sufu au za nailoni.
- Katikati, sweta nene la sufu au la manyoya ya bandia.
- Juu, koti na suruali ya mvua isiyopitisha maji wala upepo. Maji yatakurukia, hilo halina mjadala.
- Miguuni, mabuti ya mpira yaliyo makubwa kidogo kuliko saizi yako, ndani soksi ya sufu. Usivae soksi tatu buti likabana, damu haipiti na miguu inapoa zaidi. Hilo kosa alilifanya kaka nilipomchukua.
- Kichwani kofia ya kufunika masikio, shingoni kitambaa.
- Mikononi glavu za vidole vilivyo wazi, na jozi nyingine kavu mfukoni. Kuna vipakiti vya joto vinauzwa kwa bei ndogo, unavitikisa vinapata moto, weka mifukoni.

Hizi si lazima ziwe mpya. Zangu nyingi ni mitumba ya kanisani hapo mtaani, suruali ya mvua tu ndo niliinunua.

Boti nyingi za winta zina chumba chenye hita, na nyingine zimepitisha bomba la maji ya moto kwenye ukingo, unashika reli kama unashika kikombe cha chai. Ukipiga simu, uliza kama ipo.

Na sasa la maana kuliko yote. Sakafu ya boti winta inalowa na saa nyingine inashika barafu. Usikimbie, usipande juu ya ukingo. Ukianguka kwenye maji ya baridi namna ile, wanafundisha hesabu ya moja, kumi, moja: dakika 1 ya kwanza unapigania pumzi maana mwili unashtuka na unataka kuvuta hewa hata ukiwa chini ya maji, dakika kama 10 mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Hizo zote ni kama una jaketi na hujazama. Kuogelea vizuri Coco Beach hakukusaidii kitu hapo. Mimi navaa jaketi jembamba juu ya koti, wanicheke wanaotaka.

TUMBO

Bahari kumchafua mtu si uanaume wala si uzembe. Hata wana wa wavuvi inatupata, mashahidi ni mayai yangu.

Lala mapema, usinywe pombe usiku wa kuamkia safari. Kula kitu kikavu, mkate, ugali wa jana, ndizi. Tumbo tupu kabisa nalo linasumbua. Kuna vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha safari, vinauzwa duka la dawa bila cheti. Muulize mwenye duka hasa kama una dawa nyingine unatumia, kisha meza kimoja usiku na kingine kama saa moja kabla ya kuondoka, kwa kufuata maelezo ya pakiti. Ukisubiri mpaka uanze kuhisi vibaya, umechelewa. Baadhi vinaleta usingizi, kwa hiyo usiwe wewe wa kuendesha gari.

Ukianza kuhisi, usikimbilie ndani kwenye hita. Mle kuna joto, harufu ya kahawa na ya dizeli, utamalizika. Kaa nje, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Tangawizi inasaidia wengine. Na ikibidi kutapika, tapika upande upepo unakoelekea. Mengine sihitaji kueleza.

VIFAA

Mara mbili tatu za kwanza kodi, usinunue. Uzi wa boti kwa kawaida ni wa kusokotwa, wenye nguvu ya ratili 40 au 50, haunyooki, kwa hiyo kila mguso wa chini unaupata mkononi. Mwishoni unafungwa kipande cha uzi wa nailoni mnene usiokatika upesi kwenye kutu na kome.

Ndoana ni moja tu. Kule kwetu tunafunga tatu nne kwenye mshipi, hapa kila ndoana ya ziada ni ya kunasa kwenye chuma. Ifunge karibu sana na chubwi, maana huyu samaki haondoki chini. Uzito wa chubwi unategemea mkondo, aunsi 6 mpaka 10 hivi. Chukua uzito mdogo kabisa unaokaa chini bila kusogea.

Nenda na chubwi zako kumi na tano. Za nje ya boti ni rahisi kuliko za ndani. Na usihuzunike zikipotea, kama hupotezi chubwi basi hauko nyumbani kwa samaki.

Kingine: kisu kidogo au mkasi, taulo la zamani, ndoo au boksi la kuhifadhia samaki, na chupa ya chai ya moto. Chai ya tangawizi, ukiweza.

KAA, NA KUSIKILIZA

Chambo ni kaa mdogo wa kijani. Si mwenyeji wa huko, alifika kutoka Ulaya kwa meli karne mbili zilizopita na akazaana kupita kiasi, kwa hiyo ukimtumia humuonei mtu. Mvunje miguu na magando yote, mkate katikati. Pitisha ndoana kwenye tundu la mguu mmoja, itokee kwenye tundu la mwingine, ncha iwe wazi. Maji yakipoa sana tumia vipande vidogo, samaki hana nguvu ya kutafuna kikubwa.

Nahodha anatia nanga, mara nyingi mbili, boti isimame juu ya meli iliyozama. Usitupe mbali. Shusha wima chini yako. Chubwi ikigota, kaza uzi, halafu tulia. Kosa langu kubwa siku ile ya kwanza lilikuwa hapa: nilikuwa nainua na kushusha, nainua na kushusha, kila nikishusha chubwi inaingia kwenye tundu jipya na kunasa. Iache ilale. Ukinasa, usivute kwa hasira. Legeza uzi, subiri kidogo, saa nyingine unajitoa wenyewe. Ukigoma, zungushia uzi kwenye kipande cha mti, si mkononi, vuta ukatike. Uzi ule unakata nyama kama wembe.

Sasa subiri. Utasikia tk-tk. Usivute! Huyo anaonja kwa meno ya mbele, anamgeuza kaa. Ukivuta hapo unapata ndoana tupu, kama mimi. Subiri mpaka usikie uzito, kama mtu kashika ncha ya shuka na kuivuta taratibu. Hapo sasa inua fimbo kwa nguvu na uanze kukunja papo hapo, bila kupumzika. Mita mbili za kwanza ndo mechi yote. Ukimpa nafasi anarudi tunduni, na akishaingia tunduni umempoteza yeye na chubwi yako.

Yule mzee wa siku ya kwanza nilimkuta tena safari ya pili. Nikamuuliza anajuaje wakati wa kuvuta. Akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Ajabu yake, nikamkumbuka babu kwenye ngalawa, mshipi kaupitisha juu ya kidole cha shahada, macho kayafumba, anasema, "Usimuwahi, mwache aseme." Kumbe ndo kitu kile kile! Bahari tofauti, fimbo badala ya mshipi, kaa badala ya ngisi, lakini kidole ni kile kile. Tofauti ni kwamba safari hii vidole vyangu vilikuwa na joto, kwa hiyo vilisikia.

RULA

Tautog anakua polepole sana. Anaweza kuishi miaka 30 na zaidi, na kufika inchi 15 kunaweza kumchukua miaka sita au zaidi. Mkubwa kuliko wote aliyesajiliwa kuvuliwa kwa fimbo alitoka Ocean City, Maryland, Januari 2015, ratili 28 na ushee. Na kwa kuwa wanarudi kwenye nyumba zile zile mwaka hadi mwaka, boti chache zisizo na huruma zinaweza kumaliza eneo zima.

Kwa hiyo kuna kipimo. New Jersey inchi 15, New York inchi 16. Kuna pia idadi kwa kila mtu kwa siku, inayobadilika kwa miezi, na kuna miezi imefungwa kabisa. Soma ukurasa wa jimbo unakovua kabla ya kila msimu, usitegemee ya mwaka jana wala ya kwangu. Maofisa wanakuja kukagua bandarini, na faini ni yako wewe mwenye ndoo.

Lakini nikuambie, sikumrudisha yule wa inchi 14 na nusu kwa kuogopa faini. Hakuna ofisa aliyekuwepo, na baharia alikuwa kanipa mgongo. Nilikuwa na mtihani wangu peke yangu, baada ya kulipa siku nzima ya jasho, na shemeji anasubiri nyumbani. Wengi mtaniambia nilikuwa mjinga, samaki ni samaki. Mimi nasema kama kila aliyelipa dola 100 akiona ana haki ya kubeba chochote, basi muda si mrefu tutakuwa tunalipa dola 100 kwenda kutazama maji. Kwetu tumeshaiona hiyo sinema. Babu mwaka wake wa mwisho alikuwa anarudi na samaki wa kiganja, na alikuwa anawabeba, maana hakuwa na duka la kumrudishia. Mimi nilikuwa nalo. Hiyo ndo tofauti.

MARA YA PILI

Wiki mbili baadaye nikarudi na suruali ya mvua, mabuti, kidonge na ndizi mbili. Nilikaa katikati ya boti. Nilipoteza chubwi sita tu. Nilipata watano, watatu wakapimwa wakawa wafupi, wakarudi kwao. Wawili wakapita rula, mmoja inchi 16, mmwingine 17. Baharia aliwachuna na kuwatoa minofu njiani tukirudi, na vichwa nikavichukua mwenyewe, watu wa boti wakanishangaa.

Krismasi ilikuwa imeshapita. Shemeji akavibanika vile vichwa na minofu, akavipaka tui zito la kopo, ndimu na pilipili. Nyama yake nyeupe, ngumu kidogo, haivunjikivunjiki kwenye mchuzi. Akaonja, akakaa kimya, mimi roho juu. Halafu akasema, "Huyu haonji friji."

Haya wadau, ni hayo. Mshkaji wa New York, Desemba usiniangushe, na jinzi iache nyumbani. Na nyie wa Tanga, Mafia, Kilwa na Lamu mnaovua kwa mshipi, nina swali: mkivua mkapata samaki ambaye bado mdogo, mnamrudisha au anaingia kapuni? Semeni ukweli hapo chini, hakuna atakayewacheka. Nami nimesema wangu.